Imani Winds Walibeba Grammy na Jina la Kiswahili. Na Msee wa Obo Nairobi, Atakula Nini?

Januari 2026 watoto wa kwanza wa CBC waliingia Gredi ya 10, na sasa sanaa na michezo ni mkondo mzima, si kasomo ka kusukumiwa Ijumaa jioni walimu wakiwa wamechoka. Hesabu ya wizara ilikuwa hivi: asilimia 60 waende STEM, 25 sayansi za jamii, 15 sanaa na michezo. Hao watoto ni zaidi ya milioni 1. Asilimia 15 yao inapita laki na nusu. Hiyo si mbogi ndogo.

Na kila keja penye mtoto wa huo mkondo kuna mathe anauliza: "Na hiyo itakulisha?"

Wasee hucheka hilo swali mtandaoni, lakini ni swali poa kabisa. Wengi hulijibu kwa mifano rahisi, kina Sauti Sol na madeejay wanaojaza klabu. Leo tuchukue kesi ngumu kuliko zote. Tuseme mtoto wako amependa obo. Au basuni. Au amesema anataka kuandika muziki wa okestra, ule wa karatasi, na bado yuko hai.

Kama hujui obo, ni ile ala nyembamba nyeusi inayotoa noti ya kwanza kabla shoo ianze, okestra nzima ikijipanga kwa sauti yake. Basuni ni binamu yake mkubwa, bomba la karibu mita 2.5 lililokunjwa ndio libebeke. Zote mbili unapuliza kupitia vipande viwili vyembamba vya tete vilivyofungwa pamoja. Hapo katikati ndio sauti hutokea. Hapo pia ndio doo zako huishia.

Tuanze na kazi. Okestra kubwa inaweza kuwa na zaidi ya watu 10 kwa fidla ya kwanza peke yake. Obo kwa kawaida ni watu 2 au 3. Basuni hivyo hivyo. Aliyekaa kwa hicho kiti akikaa miaka 30, wewe unangoja miaka 30. Hiyo ni huko Ulaya na Marekani kwenye okestra zinalipa mshahara. Hapa kwetu Nairobi Orchestra imekuwepo tangu miaka ya 1940, Kenya Conservatoire of Music ilianzishwa 1944, na Ghetto Classics wamekuwa wakifunza watoto Korogocho tangu 2008. Vipaji tunavyo. Okestra ya kukuandikia mshahara wa mwezi upige obo tu, hiyo ndio hakuna. Wenye payslip ya kupuliza ala ni bendi za jeshi, polisi na wenzao wa magwanda, na huko lazima kwanza uajiriwe kama askari. Unaweza kuwa fundi wa Mozart na bado ukakaguliwa meno.

Halafu kuna bei. Obo mpya ya kiwango cha kazi inagonga dola 10,000 hivi. Hiyo ni Probox. Basuni ya kiwango hicho inaweza kupita dola 30,000, yaani ploti Kitengela na chenji inabaki.

Lakini manze, bei ya ala hulipi kila siku. Ile inakumaliza polepole ni tete. Tete zuri la obo lililotengenezwa tayari ni kama dola 20 hadi 30, thao mbili na nusu kwenda juu, na msee anayefanya mazoezi kwa bidii analimaliza kwa wiki moja au mbili. Mmea wenyewe ni aina ya matete, na yale yanayosifiwa zaidi hutoka Var, kusini mwa Ufaransa. Ndio maana wapigaji wa maana dunia nzima hujifunza kujitengenezea: kisu, uzi, jicho kali na masaa mengi mezani. Wengi hutengeneza pia ya kuuza. Si hasla ya aibu, ni sehemu ya kazi yenyewe, kama vile fundi wa ndai anauza vipuri.

Na hapa kuna kitu ambacho wapigaji wa obo wanakijua vizuri: tete linasumbuliwa na mwinuko. Lililokatwa mahali pa chini karibu na bahari likipandishwa juu halikubali vile vile. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Msee atakayejua kukata tete la mwinuko huu ana biashara ambayo duka la Paris haliwezi kumpokonya kirahisi. Ni soko dogo, sikudanganyi. Lakini ni lake.

Sasa tuje kwa waliofaulu. 1997, New York, mpigaji filimbi anaitwa Valerie Coleman alikusanya wanamuziki weusi na wa asili ya Latino akaunda kundi la watu watano: filimbi, obo, klarineti, honi na basuni. Akaliita Imani Winds. Ndio, imani hii yetu. Kwenye obo alikuwa Toyin Spellman-Diaz, kwenye basuni Monica Ellis. Hawakukaa kungojea okestra kubwa iwafungulie mlango. Shida yao ilikuwa nyingine: muziki ulioandikiwa kundi la aina hiyo haukuwa mwingi kama wa fidla, na ulioandikwa na watu wanaofanana nao ulikuwa kidogo zaidi.

Walichofanya ni kuandika wenyewe. Coleman aliandika Umoja, jina la Kiswahili tena, kwanza kama wimbo wa kwaya ya wanawake, kisha akaugeuza kuwa wa wale watano. Mpigaji wao wa honi, Jeff Scott, naye alikuwa anaandika. Halafu kundi likaanza kulipa watunzi wengine wawaandikie vitu vipya. 2019 Philadelphia Orchestra ikapiga Umoja iliyopanuliwa kuwa ya okestra nzima, na Coleman akawa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi aliye hai kupigiwa kazi yake ya klasiki na okestra hiyo. Februari 2024 kundi likabeba Grammy kwa albamu ya kazi ya Scott, Passion for Bach and Coltrane.

Grammy ni poa, lakini kitu cha kuangalia ni mashine iliyo nyuma yake. Kila mara kundi la wanafunzi mahali fulani linapotaka kupiga Umoja, lazima linunue karatasi za muziki, na hiyo ni doo ya mtunzi. Na lazima litafute mtu wa obo na mtu wa basuni, kwa sababu imeandikwa hivyo. Noti za mtunzi zinatengeneza kazi ya mpigaji. Mpigaji naye akizunguka na hizo noti anamtengenezea mtunzi jina. Ukiwa na mmoja bila mwingine, umesota.

Wakati mwingine hao wawili huwa mtu mmoja. Heinz Holliger wa Uswisi amekuwa mpigaji obo na mtunzi maisha yake yote. Alyssa Morris wa Marekani aliandika Four Personalities, ya obo na piano, mwaka wa 2007 akiwa bado mwanafunzi, na leo wapigaji obo wengi wanaijua. Ala yenye muziki mchache ina uzuri wake: ukiandika kitu kizuri, wenye njaa nacho watakipata haraka. Ukiandika sonata ya piano leo unapanga foleni nyuma ya Beethoven.

Turudi kwetu, maana watunzi tunao. Nyokabi Kariũki amezaliwa Nairobi, akasomea utunzi New York University, akatoa peace places: kenyan memories 2022 na albamu FEELING BODY 2023, na ndani ya kazi zake utaskia Kiswahili na Kikuyu bila kuomba ruhusa. Ameomoka kisanii, hakuna ubishi. Lakini ukiangalia wanaolipia muziki wa aina hii uandikwe, wengi wako nje ya Kenya.

Ama tuseme hivyo kwa haraka, kwa sababu kuna wanaolipa hapa nyumbani na hatuwaiti kwa jina lao. Nenda tamasha za muziki za shule. Kuna vipengele vinadhaminiwa na mashirika yanayotaka wimbo mpya wenye ujumbe wao, na kuna walimu na watunzi wanaandikia kwaya kila msimu na kulipwa. Huko Ulaya hiyo wangeiita kuagiziwa kazi mpya na kuiwekea bango. Sisi tunaiita "kusaidia shule". Mtunzi haandiki mkataba, hasajili kazi KECOBO, na mwaka ujao anaskia wimbo wake kaunti nyingine bila jina lake.

Mtu ataniambia mrabaha upo. Mnakumbuka 2019, wasanii wa MCSK wakipokea shilingi 2,530? Nyinyi semeni. Kwa mtunzi wa karatasi, heri auze noti zenyewe moja kwa moja, PDF na M-Pesa, kuliko kukaa akingoja mgao. Kundi linalotaka kupiga kazi yake halina njia nyingine ila kuja kwake.

Na kuna kitu kinaniuma kwa hii stori yote. Tunaongea tete mbili kana kwamba zilishuka JKIA juzi. Shuka Kwale uskize sengenya ya Wadigo. Ile sauti kali inayokata juu ya ngoma ni nzumari, na nzumari ni ala ya tete mbili, ukoo mmoja na obo. Chakacha ya zamani ilikuwa nayo pia. Tete lake hutengenezwa kwa jani la mti wa jamii ya mnazi, na mpigaji anavuta hewa kwa pua huku anaendelea kupuliza, sauti haikatiki. Huo ujanja wa pumzi, wapigaji obo wa Ulaya huufanyia mazoezi miaka. Mzee wa nzumari anajikatia tete lake mwenyewe, bila dola.

Sasa niambie kwa nini mtoto wa Gredi ya 10 aliyechagua muziki Nairobi anaweza kumaliza shule akijua obo ni nini kutoka kitabu, bila kuwahi kushika nzumari. Shule haina Probox ya kununulia obo, hiyo tunaelewa. Lakini nzumari haiko bei hiyo. Mwalimu wake ndiye anazeeka, na katika bajeti ya shule hana kasma.

Hiki kikosi kinamaliza 2028. Kuna miaka michache ya mtunzi mmoja wa Nairobi kukaa chini na mzee mmoja wa Kwale na msee mmoja wa basuni, waandike kitu cha dakika kumi, wakisajili, wakirekodi, wakiweke bei. Mathe akiuliza tena itamlisha nani, aonyeshwe hiyo invoisi.