Shangazi Hayumo Kwa Karatasi

Wasee wa Mbita, tunataja mababu kizazi baada ya kizazi bila kukwama. Sasa taja dada za babu yako. Umekwama?

Mimi nilienda kusoma rejista ya shamba letu na faili ya urithi kortini. Rejista: babu, kisha baba na ndugu zake. Faili: barua ya chifu imeorodhesha wavulana tu. Shangazi zangu wawili, na wako hai, hawamo. Na Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, haibagui mtoto wa kike.

Makaratasi hayo ndiyo wajukuu wetu wataita historia. Barua ikiandikwa kwenu, soma majina kabla haijafika kortini. Shangazi akikosekana, ongea. Mimi nimeshaongea. Nyumbani wamenuna, lakini siwezi nyamaza.