"Data Batili" Si Maelezo!

Leo nina ugomvi na waandika programu wenzangu. Tunaunda zana za kuhakiki data, tunazifunga kufuli kila upande, halafu maelezo yake tunaandika mstari mmoja: "Huhakiki rekodi. Hurudisha kweli au si kweli." Ukiuliza maelezo mengine yako wapi, unajibiwa kwamba siku hizi zana inatumiwa na ajenti wa akili bandia, na ajenti ana akili, atajua mwenyewe. (Sisemi ajenti wa M-Pesa. Huyo angalau unaweza kumgombeza dirishani.)

Jamani, hajui!

Ajenti ni programu inayopewa lengo, kisha inachagua zana na kuzitumia yenyewe. Katika itifaki ya MCP, iliyotangazwa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024, zana hujitambulisha kwa jina, maelezo ya maneno na skima ya data inazopokea. Hayo ndiyo macho ya ajenti. Karani wa ufuoni akikwama anamwuliza mvuvi aliyesimama mbele yake. Ajenti anayauliza maandishi yako, na yakinyamaza, anabahatisha.

Tuchukue mfano wa hapa Dunga, maana tukijadili hewani hatutaelewana. Boti zinatua, samaki wanapimwa, mtu anaandika daftarini aina, kilo, urefu na saa. Tuseme ajenti amepewa kazi ya kuingiza daftari hilo kwenye hifadhidata, na kila rekodi lazima ipite kwenye zana ya kuhakiki.

Omena huvuliwa usiku kwa taa. Daftari linasema mvuvi alitoka saa mbili, akarudi saa kumi na mbili. Mtoto yeyote wa ziwani anajua hiyo ni 20:00 hadi 06:00. Lakini zana ina sharti moja tu kichwani: saa ya kurudi iwe kubwa kuliko saa ya kutoka. Inapokea 20:00 na 06:00, inafoka: "Muda batili." Ajenti anajaribu tena, safari hii 02:00 na 12:00. Zana inasema sawa! Mvuvi aliyerudi alfajiri sasa amerudi adhuhuri, na hakuna kengele iliyolia.

Sentensi tatu zingetosha: "Tumia mtindo wa saa 24, saa mbili usiku ni 20:00. Safari inaweza kuvuka usiku wa manane. Toa tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi."

Sasa njoo kwa mbuta, ambaye Watanzania wanamwita sangara. Mbuta aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Mwandika programu anaisikia sheria hiyo, anaigeuza kuwa sharti la zana: urefu usipungue 50. Samaki wa sentimita 42 anapofika, jibu ni "Urefu batili." Batili kivipi? Samaki yupo, amelala kwenye mzani! Amevunja sheria aliyemvua, kipimo hakijakosea. Ajenti asiyeelezwa tofauti hiyo anaweza kuandika 50, au akaitupa rekodi, kazi ionekane imekamilika. Ushahidi kwamba samaki wachanga wanavuliwa umefutwa na zana iliyowekwa kulinda ukweli.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Takwimu za ufuoni ndizo zinazosaidia kukadiria samaki waliobaki ziwani, na makadirio hayo yanagusa chungu cha mtu. Anayekaa ofisini akiona kila mbuta ana sentimita 50 kwenda juu, atafurahia nini kama si uongo?

Kwa hiyo maelezo ya zana yatenganishe mambo matatu: lisilowezekana (kilo hasi), lisiloruhusiwa (mbuta wa 42) na lisilo la kawaida (boti moja kuleta mzigo mara kumi ya jana). La kwanza likataliwe. La pili lipokelewe na kuwekewa alama. La tatu apelekewe binadamu alitazame. Neno "batili" halisemi lipi kati ya hayo.

Na haya hayaishii kwa samaki. Zana inayokubali herufi tupu kwenye majina itamkataa gavana wetu wa Kisumu, Anyang' Nyong'o, mara mbili kwa mpigo. Zana inayodai simu ianze na 07 imepitwa na wakati tangu 2019, namba za 01 zilipoanza kutolewa. Hapo sharti lenyewe ndilo bovu, nakubali. Lakini likiandikwa wazi pamoja na sababu yake, yeyote anayelisoma ataona ubovu. Likifichwa ndani ya msimbo, ajenti atakata majina ya watu ili zana iridhike.

Wapo watakaosema ajenti wa kesho watakuwa werevu zaidi. Sawa. Werevu hauleti habari ambayo haikuandikwa. Mlete profesa kutoka Ulaya asiyejua saa zetu, mwambie "Muda batili", umwone naye akihangaika. Wengine watasema maelezo marefu ni gharama. Nani kasema marefu? Ni manne tu: nini kinakaguliwa na kwa kipimo gani, kwa nini, mfano mmoja unaopita na mmoja unaokataliwa, na nini kifanyike rekodi ikikataliwa. Hili la mwisho liandikwe bila aibu: "Usibadilishe thamani ili ipite. Irudishe kwa binadamu pamoja na sababu."

Wala si jambo geni. ODK, iliyoanza mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Washington, inakuruhusu kuandika sharti la swali na, pembeni yake, ujumbe atakaouona mtu akilivunja, hata kwa Kiswahili. Waliojaza fomu kwa simu vijijini walistahili maelezo hayo. Ajenti anayejaza rekodi elfu moja bila kupumzika anayahitaji zaidi, kwa sababu kosa lake moja ni makosa elfu moja.

Anayebisha aje Dunga. Ngege wa kukaanga tutaagiza, tubishane tukila. Ila kabla hujaja, fungua zana yako na usome maelezo yake kana kwamba hujawahi kuliona ziwa.