Njiwa Manga na Mahindi ya Langoni

Wazee wa pwani walimpa kila njiwa jina lake: hua, tetere, pugi, ninga. Huyu wa mjini, wa kijivu mwenye shingo inayometameta, walimwita njiwa manga, yaani wa ng'ambo, Uarabuni. Jina lenyewe linakwambia huyu si wa mwituni kwetu.

Asubuhi nyingi mimi hutembea Arboretum ya Nairobi, msitu wa kupandwa ulioanzishwa mwaka 1907. Zamani nilizoea kuwasikia ninga juu ya mkuyu nisiwaone, kwa vile rangi yao ni ya majani. Siku hizi, kwenye nyasi karibu na lango, nasubiri njiwa manga wanipishe. Juzi mmoja alichechemea mbele yangu. Nikainama. Uzi mweusi wa nywele bandia, zile za kusukia, ulikuwa umemzonga mguu na vidole viwili vimeshakatika. Uzi ule hakuupata mkuyuni.

Simlaumu ndege. Asili yake ni majabali, na ghorofa zetu kwake ni majabali tu. Makinda yake huyalisha uji mweupe unaotengenezwa kooni, kwa mama na kwa baba pia, kwa hiyo hahitaji kungoja msimu wa wadudu. Mradi nafaka ipo, analea karibu mwaka mzima. Nafaka tunamletea sisi.

Wanaosema wategwe na kuuawa wautazame mji wa Basel, Uswisi. Kati ya 1961 na 1985 waliuawa njiwa takriban 100,000, na kundi likabaki lilivyokuwa. Kuanzia 1988 wakazi walielimishwa waache kuwalisha ovyo. Baada ya miaka kama minne, idadi ilikuwa imepungua kwa nusu.

Raha ya kulisha njiwa naijua. Utotoni niliwafuga kwenye debe la mafuta lililotundikwa ukutani, na walipotua begani nilijiona sultani. Anayeitaka raha hiyo aende katikati ya jiji, kwenye lami na zege, walikokwisha kuzoeana na watu. Msituni mahindi yabaki mfukoni.

Nilimwambia hivyo kijana anayeuza mahindi langoni, nikamshauri ahamie bustani ya Jeevanjee, huko katikati ya jiji. Akacheka, akanifungia pakiti ya shilingi 20.

"Mzee, huko tumejaa. Wateja wa huku ndio wanalipa."

Pakiti ingali kwenye koti langu.