Urembo wa Tovuti Usimzuie Msomaji

Umezuka mtindo wa idara na mashirika yetu kuzisheheneza tovuti zao picha kubwa zinazopishana, huku anayetafuta fomu ya leseni akitaabika kuiona ilipo. Wasanifu hujitetea kwamba jicho ndilo huvutwa kwanza. Sikatai. Hata hivyo, tovuti ni chombo cha kazi, na mwenye haja huifungua kwa data aliyoinunua.

Boo.com, duka la mavazi la mtandaoni lililofunguliwa London mnamo Novemba 1999, lilijaa madoido ambayo nyaya za simu za wakati ule hazikuweza kuyafikisha upesi kwa mnunuzi. Mei 2000 likafilisika. Israfu ilichangia, ni kweli, lakini wateja walikwisha kuchoka kungoja. Kwa upande mwingine, tovuti ya serikali ya Uingereza, GOV.UK, iliyozinduliwa mwaka wa 2012, haina mbwembwe: ni maandishi meusi juu ya weupe. Mwaka uliofuata ilitunukiwa na Design Museum ya London tuzo ya usanifu bora wa mwaka. Nani basi asema kwamba wepesi ni adui wa uzuri?

Nikiwa mwanaisimu, linaloniudhi zaidi ni namna vitufe vinavyokatwa kwa kipimo cha Kiingereza, kisha Kiswahili kikachomekwa humo baadaye. Neno "hatujakuthibitisha" lina herufi 18. Limebeba mtenda, mtendwa, wakati na ukanushi, mambo ambayo Kiingereza huyatawanya katika maneno kadhaa mafupi. Kisanduku kikiwa chembamba, neno hilo hukatwa katikati, na msomaji asijue amekubaliwa au amekataliwa. Msanifu naye, ili kuokoa umbo lake, huamua kukiacha Kiswahili nje kabisa. Hii ndiyo lugha ambayo Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi!

Sisemi lolote juu ya herufi za kijivu hafifu zinazowatesa wazee, ilhali mwongozo wa kimataifa wa mwaka wa 2008 uliweka tofauti ya mwangaza ya angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida.

Idara inayotangaza zabuni ya tovuti na iandike sharti hili katika mkataba: kabla ya msanifu kulipwa, mwananchi asiyemjua aketi na simu ya bei nafuu, aisome tovuti kwa Kiswahili, na aipate fomu yake bila kuelekezwa.