Kobalti inatoka kwetu, lakini watafiti wake wako wapi?

Karibu sehemu saba kwa kumi ya kobalti yote ya dunia inachimbwa Kongo. Lakini bei yake haitegemei Kolwezi peke yake. Inategemea pia labo za mbali, kwa watu ambao hawajaingia mgodini hata siku moja.

Mwaka 1980, pale Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha kama kobalti pamoja na litiamu inaweza kushika umeme mwingi ndani ya batri. Mwaka 1991 Sony ilianza kuuza batri za namna hiyo. Njo maana kobalti yetu ikatafutwa sana.

Leo wanakemia wanatafuta namna ya kuiacha. Magari mengi ya China yanatumia batri za chuma na fosfati, bila kobalti. Januari 2024, watafiti wa MIT kule Marekani walitangaza batri yenye molekuli walizotengeneza wenyewe mahali pa kobalti. Hiyo bado ni kazi ya labo, lakini hata batri ya kobalti ilianzia labo.

Serikali yetu ilisimamisha kuuza kobalti inje Februari 2025, halafu ikaweka kipimo: tani 96.600 kwa mwaka 2026. Hiyo inasaidia bei. Lakini bei ikipanda sana, wale wanaotafuta batri bila kobalti wanapata sababu ya kukaza mwendo. Na siku watakapofaulu, wa kwanza kukosa kazi ni mchimbaji.

Kwa hiyo watoto wetu nao wanapashwa kuwa ndani ya labo hizo. Doktora ya kemia si udaktari wa hospitali. Ni utafiti wa miaka mitatu ao mine kisha master. Ulaya, programu ya Marie Skłodowska-Curie inapokea watu wa nchi zote, na mwenye kuchaguliwa anapewa mkataba wa kazi na mshahara. Asiwe na doktora tayari, wala asiwe ameishi katika nchi inayomupokea zaidi ya miezi 12 ndani ya miaka 3 ya nyuma. Mtoto wa Likasi ao Fungurume masharti hayo hayamuzuii. Kinachomuzuia mara nyingi ni Kiingereza kidogo, na kusoma kemia kwenye ubao bila kugusa vyombo. Wazazi, mujue pia: kuomba nafasi hiyo hakulipishwi. Mtu akikuomba makuta, umukimbie.

Mwaka 2022, kituo cha utafiti wa batri kilizinduliwa pa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kinahitaji watu wenye doktora. Na makuta yanaweza kutoka hapahapa: kanuni ya migodi ya 2018 inatoa asilimia 15 ya redevance kwa maeneo ya uchimbaji, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwenye mikutano ya mtaa tunauliza barabara na maji, na ni haki yetu. Tuulize pia: shule yetu iko na labo?