Litungu, Gitaa na Uvivu wa Kusifu Kipaji

Ipo sifa ambayo kwa hakika ni tusi. Mgeni afikapo Tarime au Mugumu, akamsikia mpigaji litungu wa Kikurya akizidonoa nyuzi zake nane huku anaimba, hutikisa kichwa na kusema: "Hawa wamezaliwa na muziki." Kisha hurudi kwao ameridhika. Na ubaya wa kauli hiyo ni kwamba wenyeji nao wameizoea hata wakaiamini. Kijana wa Sirari anunuaye gitaa lake la kwanza huanza akiwa amekwisha kuhukumiwa: mwenye kipaji atapiga, asiye nacho asijisumbue.

Kauli hiyo haimsifu mpigaji. Humnyang'anya jasho lake. Kisiwani Unguja hapana mtu mwenye adabu atakayedai kwamba mpiga udi au mpiga kanuni alitoka tumboni mwa mamaye ameshika ala. Yajulikana kuwa alikaa mbele ya mwalimu, akakosea, akarudishwa nyuma, akakosea tena. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002, kisingekuwa na maana yoyote kama ala hizo zingepigwa kwa damu. Basi kwa nini wa pwani ahesabiwe elimu, na wa bara ahesabiwe damu? Dharau hii imevaa kanzu ya pongezi, na wapenzi wa taarabu nao hawajasalimika nayo.

Na litazamwe litungu lenyewe. Kila uzi, toka mti wa juu hadi kwenye mzinga, hutoa sauti moja tu. Hapana shingo ya kubana uzi ili kupata sauti ya pili. Mpigaji amepewa sauti nane, na ndani ya hizo hana budi kutafuta yote anayoyataka: mpangilio, mapigo, kituo, mrejeo. Kwa hiyo mazoezi yake hayawezi kuwa ya kukusanya mambo mengi. Ni ya kurudia machache mpaka mkono uache kuuliza njia. Wapenzi wa ushairi wasiistaajabie hali hii. Kipande cha utenzi kina mizani nane, na hajasikika mtunzi wa maana akilalamika kwamba ni chache.

Gitaa, kinyume chake, humdanganya mwanafunzi kwa utajiri wake. Lina nyuzi sita, na kila uzi una sauti zaidi ya kumi zilizotengwa na vyuma vya shingoni. Kijana huona bahari, akataka kuogelea yote siku moja. Jumatatu hujaribu rumba, Jumanne ngazi za sauti kutoka kitabu cha Kizungu, Jumatano wimbo wa injili, na Alhamisi gitaa limetundikwa ukutani. Baada ya mwaka anajua mwanzo wa nyimbo ishirini na mwisho wa wimbo hata mmoja hana. Hapo ndipo jirani husema hakujaliwa kipaji. Alichokosa ni utaratibu.

Wapo watakaojibu kwa kutaja saa. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake wawili walichapisha utafiti wao juu ya wapiga fidla wa chuo kimoja cha Berlin, na kutoka humo, hasa baada ya kitabu cha Malcolm Gladwell cha mwaka 2008, dunia ikaokota hesabu ya saa elfu kumi na kuigeuza hirizi. Ericsson mwenyewe aliikataa tafsiri hiyo. Jambo lililomshughulisha lilikuwa namna ya kufanya mazoezi: kulenga udhaifu mmoja uliotajwa kwa jina, kuusahihisha, kisha kupumzika. Anayerudia kosa lake kwa saa elfu kumi atakuwa fundi wa kosa hilo.

Kijana wa Nyamwaga arudiye jioni kutoka shamba la mahindi hana saa nne za kuchezea. Ana nusu saa, na nusu saa ya kila siku humfaa kuliko Jumapili nzima ya kujichosha. Na aanze kwa kupatanisha nyuzi kwa sikio, bila simu wala mashine, kwani sikio ndilo mwanafunzi wa kwanza. Kisha achague sauti nane tu katika shingo ya gitaa, kana kwamba ameshika litungu, na katika hizo atunge au aazime mdundo mmoja mfupi. Aupige polepole kiasi cha kuona aibu. Mkono utakwama mahali fulani. Karibu kila mara ni pale kidole kinapohama kutoka sauti moja kwenda nyingine. Asirudi mwanzo wa wimbo! Kurudi mwanzo ni kujificha katika kile akijuacho tayari. Arudie pale pale palipokwama, sauti mbili au tatu, mguu ukihesabu, hadi kikwazo kiyeyuke. Kisha alale. Usingizi nao hufanya kazi: mwendo uliofunzwa jioni mara nyingi huwa mwepesi zaidi asubuhi. Kesho yake, kabla ya jambo jipya, auanze mdundo wa jana kwa kumbukumbu.

Lililo gumu zaidi, na ambalo vitabu vingi vya gitaa hulikwepa, ni kuimba. Mpigaji litungu hutenganisha ulimi na mkono kwa shida, maana alijifunza vyote pamoja. Mpiga gitaa afundishwaye vidole peke yake hufikia siku ya kuongeza maneno akagundua kwamba mkono unasimama kila mdomo unapofunguka. Maneno yaingie tangu wiki ya kwanza, hata yakiwa ni salamu tu au jina la ng'ombe.

Mkoa wa Mara hauhitaji kuambiwa haya na mgeni. Daniel Owino Misiani, aliyeongoza bendi ya Shirati Jazz na kufariki mwaka 2006, alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, sehemu iliyokuwa ya Tarime hadi wilaya ya Rorya ilipoundwa mwaka 2007. Alikuwa Mjaluo, na nyatiti ya kwao, yenye nyuzi nane kama litungu la jirani, imo katika gitaa la solo la benga: mdonoo ule ule, mrejeo ule ule, mwimbaji akijibizana na nyuzi. Waliolihamishia gitaani walikuwa wanafunzi wenye masikio. Walijua wanachokirudia, na wakakirudia.

Mwalimu wa gitaa wa kijana wa Mugumu huenda ni mzee anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwao, mwenye litungu lililopungua uzi mmoja. Hajawahi kuombwa kufundisha, kwa kuwa kila mtu humwambia amezaliwa nao.