SEHEMU YA 9: Ukiachiwa nyumba na mbwa, umepokea zamu

Nimetoka zamu, nimeoga, chai iko pembeni. Leo nataka tuongelee kitu ambacho najua mtasema "nesi, hili nalo la hospitali?" Ndiyo, ni la hospitali. Nivumilieni.

Ni suala la mtu kuachiwa nyumba na wanyama wakati wenyewe wamesafiri.

Mnaijua Desemba ya hapa Dar. Mabasi ya Moshi na Arusha yamejaa, watu wanakwenda kwao, mtaa unabaki kimya. Funguo kaachiwa mdogo wake mke, au kijana wa dukani, au jirani wa upande wa pili. Maelekezo yanatolewa mizigo ikiwa tayari kwenye buti: "Utawapa mbwa chakula, taa za nje uwashe jioni, haya, tutaonana Januari." Gari hilo linaondoka.

Sasa niwasimulie. Desemba moja, miaka kadhaa nyuma, alikuja mama na mtoto wake wa kiume wa miaka sita. Kang'atwa na mbwa kwenye shavu la mguu. Mbwa wa jirani, na jirani kasafiri. Kijana aliyeachiwa nyumba alikuja siku mbili za mwanzo vizuri tu. Siku ya tatu akapata kibarua Kibaha, akajisemea nitarudi kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Mbwa hana maji, hana chakula, jua la Desemba mnalijua. Akachimba chini ya geti akatoka. Mtoto alikuwa anapita na mfuko wa maandazi.

Swali letu la kwanza: huyu mbwa amechanjwa? Hakuna aliyejua. Kadi ya chanjo ilikuwa kabatini, chumba kimefungwa. Simu ya mwenye nyumba haipatikani. Kijana alipopigiwa, hata jina la mbwa hakulijua.

Hatukusubiri kadi, na nyie msisubiri. Kidonda kilioshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, chanjo ikaanza siku hiyohiyo. Yule mama alikopa kwenye kikoba. Mbwa alikamatwa, akafungiwa ili aangaliwe kwa siku 10, kwa sababu mbwa ambaye tayari anaambukiza kichaa huwa haponi siku hizo bila kuugua au kufa. Siku ya nne mwenye nyumba akapatikana: kadi ipo, mbwa kachanjwa mwaka uleule. Mbwa hakuwa na tatizo. Mtoto leo ni mkubwa, mzima kabisa. Lakini zile siku nne mama yake alikuwa hali, halali, anamwangalia mtoto akinywa maji kama anaangalia hukumu.

Mtaniuliza hofu yote hiyo ya nini. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Dawa yake ni kuwahi kabla ya dalili. Na Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto walio chini ya miaka 15. Ni hawa hawa wetu wanaotumwa maandazi.

Sasa msimamo wangu, na mnaweza kunipinga: kuangalia nyumba ya mtu ni KAZI. Siyo "kusaidia kidogo". Sisi wodini hatuondoki hivihivi. Anayetoka anamkabidhi anayeingia: mgonjwa wa kitanda cha tatu kapewa dawa saa ngapi, nani hali yake inabadilika, daktari wa kumpigia ni yupi. Inaandikwa kwenye kitabu cha ripoti. Na mwenzako asipofika, huondoki, hata kama daladala ya mwisho inapita. Nyumba yenye viumbe hai ndani yake inataka adabu hiyohiyo. Mbwa hawezi kuagiza maji kwa boda.

Najua kuna watakaoandika, "Yaani nimlipe mdogo wangu? Undugu umeisha?" Mwenzangu, undugu haujaisha. Ila undugu unatufanya tuone aibu kuulizana. Wewe unaona aibu kumwambia "njoo asubuhi na jioni bila kukosa", yeye anaona aibu kukwambia "dada, nauli sina". Mwisho wake anakuja siku anazopata nauli. Mpe nauli ya siku zote mkononi, na kitu kidogo juu yake, ndipo uwe na uso wa kumdai. Yule kijana wa Kibaha mtaa mzima ulimlaumu, na kweli alikosea. Lakini hakuna aliyeuliza aliachiwa shilingi ngapi. Mtu mwenye njaa akiitwa kibarua ataenda.

Na mimi siongei kama malaika. Nilipokuwa nasomea uuguzi, shangazi yangu aliniachia nyumba, paka mmoja na kuku wake. Jumamosi nikaalikwa harusi Bagamoyo. Nikajaza maji kwenye beseni, nikajisemea siku moja na nusu hawafi. Jioni shangazi akapiga simu. Nikamjibu nikiwa ukumbini, nimesogea kando ya spika: "Niko hapa shangazi, wote wazima." Nimerudi Jumapili mchana, beseni limepinduliwa, banda limefungwa, kuku kumi na mmoja wamekufa kwa joto. Shangazi hakunipigia kelele. Alisema, "Kuku nitanunua wengine. Ila uliponiambia uko nyumbani, ningekuwa nimempigia jirani akuangalizie." Mpaka leo nikitaka kudanganya kwenye ripoti ya zamu kwamba nimepima presha wakati sijapima, nawaona wale kuku.

Kwa hiyo kwangu mimi, mtu wa kuaminika siyo yule asiyepata dharura. Dharura tunazo wote. Ni yule anayesema mapema "leo siwezi kufika, mtafute fulani". Na ni yule anayeweza kukataa tangu mwanzo. "Siwezi" ya Novemba haimuui mtu. "Ndiyo" ya uongo ndiyo inayotuletea watoto dirishani.

Ukikubali, basi pokea zamu vizuri. Nenda siku moja kabla, siyo siku ya safari, uone kwa macho yako. Na usiondoke bila haya:

1. Kadi ya chanjo ya mbwa na paka, mkononi mwako au picha yake kwenye simu. Na namba ya daktari wa mifugo.

2. Jina la mnyama, anakula nini, mara ngapi, anaogopa nini, anamjua nani. Mbwa asiyekujua usikutane naye mara ya kwanza ukiwa peke yako na sufuria mkononi.

3. Namba mbili za kupiga, ya mwenye nyumba na ya mtu mwingine mwenye uamuzi. Mkubaliane kabisa: mnyama akiumwa nitibu kwa fedha ipi?

4. Gesi inafungwa wapi, maji yanafungwa wapi, LUKU namba ya mita ni ipi. Bomba likipasuka usiku siyo muda wa kutafuta.

5. Jirani mmoja na mjumbe wajue kwamba wewe ndiye uliyeachiwa. Usije ukaitiwa mwizi na funguo mkononi.

Ukiwa kazini, tuma picha kila siku. Moja tu inatosha: mbwa anakula, geti limefungwa. Haikugharimu kitu, na mwenye nyumba analala.

Na sasa kinesi zaidi, hapa msinipite:

Paka akiumwa USIMPE panadol. Dawa hii tunayoiona ya kawaida ni sumu kwa paka, hata kidogo inaweza kumuua. Mbwa naye usimpe dawa zako za maumivu. Na mabaki yenye vitunguu vingi, au chokoleti za watoto, siyo chakula chao.

Dada mjamzito, ukiombwa kuangalia paka, kinyesi chake asafishe mtu mwingine. Kuna vimelea, toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Kama hakuna mwingine, vaa glovu, ondoa kila siku bila kulimbikiza, nawa kwa sabuni. Kumwogopa paka mwenyewe au kumfukuza hakuna haja.

Maji yaliyosimama yamwage. Ndoo, matairi, visahani vya maua, na bakuli la mbwa ulibadilishie maji kila siku. Mbu anayeleta dengue anazaliana kwenye maji safi yaliyotulia, na wiki moja mpaka siku kumi zinamtosha kutoka yai hadi kuruka. Dar tuliiona dengue 2014, tukaiona tena 2019. Nyumba iliyofungwa wiki tatu bila mtu wa kumwaga maji inaufugia mtaa mzima mbu.

La mwisho, na hili naliandika nikiwa nimekasirika kidogo. Msimwachie binti wa kazi wa miaka 16 au 17 nyumba nzima, mbwa watatu na ukuta mrefu, peke yake, wiki tatu, halafu mseme "yupo mtu". Huyo naye ni mtoto wa mtu, na sikukuu hii mama yake anamngoja. Nani anamwangalia yeye usiku akiumwa? Mbwa mnamwachia namba ya daktari, binti hamumwachii hata vocha. Kama lazima abaki, abaki na mtu mzima mnayemwamini, na apewe likizo yake mkirudi.

Mama mwenye watoto wadogo unayebaki mtaani Desemba hii, hebu zunguka leo uulize: nyumba ipi imefungwa, mbwa ni wangapi, nani anawalisha? Siyo umbea. Ni mguu wa mwanao. Na ukimwona mbwa ana siku mbili hajapewa maji, piga simu, usisubiri achimbe geti.

Wewe uliwahi kuachiwa nyumba? Uliikabidhi salama, au na wewe una kuku wako kumi na mmoja? Niandikieni hapo chini, sitamcheka mtu. Mtumie pia yule uliyempa funguo mwaka huu, mapema, kabla mizigo haijaingia kwenye buti.

Sehemu ya 10 tutaongelea kuharisha kwa watoto msimu wa sikukuu. Nalala sasa, kesho niko zamu ya asubuhi.